Mwaka mmoja kwa kinyozi wa mbwa wa Ntinda: maoni ya mwenye Maltipoo

Duka ninaloliandikia maoni haya liko Ntinda, Kampala, katika ghorofa ya chini ya jengo lenye saluni ya wanawake mlango wa pili, kiasi kwamba mgeni anayesikia mashine za kukaushia nywele zikivuma hawezi kujua mara moja ni mlango upi unaohudumia watu na upi unaohudumia mbwa. Nimempeleka huko mbwa wangu, Simsim, mara kumi na moja katika muda wa mwaka mmoja, nikilipa kati ya shilingi 70,000 na 90,000 kila mara kwa kuogeshwa, kuchanwa, kunyolewa, kukatwa kucha na kusafishwa masikio. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko ambayo nimekwisha kuyapeleka kwa mwenye duka mwenyewe na sioni haja ya kuyatangaza kwa jina. Wakazi wa Ntinda wenye mbwa wadogo watalitambua bila shida.

Yafaa nieleze kwanza mbwa mwenyewe, maana huduma hii haiwezi kupimwa bila kumjua anayehudumiwa. Simsim ni Maltipoo, yaani chotara wa Maltese na Poodle wa kimo cha chini kabisa. Maltese aliyekomaa huwa na uzito wa kilo tatu hadi nne hivi, na Poodle wa kundi hilo dogo hafiki sentimita thelathini mabegani, kwa hiyo mtoto wao hubebeka kwa mkono mmoja maisha yake yote. Aliyeniuzia alinihakikishia mambo matatu: kwamba hatazidi kilo mbili, kwamba manyoya yake hayamdhuru mwenye mzio, na kwamba ni mbwa asiyehitaji kazi kumtunza. Simsim leo ana kilo 4.3. Kuhusu mzio, ukweli ni kwamba kinachowasumbua watu wengi ni protini zilizomo katika mate na magamba ya ngozi ya mbwa, wala si unywele wenyewe, na mbwa asiyepukutisha manyoya bado ana mate na bado ana ngozi. Dada yangu, ambaye hupiga chafya akipita tu mbele ya nyumba yenye mbwa, hupiga chafya kwa Simsim pia, labda mara chache zaidi.

Ahadi ya tatu ndiyo iliyonipeleka kwa kinyozi. Ni kweli kwamba Maltipoo hadondoshi manyoya kwenye makochi kama mbwa wetu wa kienyeji wanavyofanya, lakini sababu yake ni kwamba kile kinachomfunika hukua mfululizo kwa muda mrefu kabla ya kung'oka, kama kichwani kwetu, na unywele uliong'oka hunaswa na uliobaki badala ya kuanguka sakafuni. Kiswahili hutuambia binadamu ana nywele na mnyama ana manyoya, lakini mimi baada ya mwaka wa kushika kitana nimeamua kwamba huyu ana nywele, na sitabadilisha neno hilo hapa. Nywele zilizonaswa husokotana, msokotano huwa fundo, na fundo likilowa hukaza. Sikuyajua hayo. Kwa miezi miwili ya kwanza nilimwogesha kila Jumamosi bila kumchana, nikijisifu kwa usafi, na siku nilipomfikisha dukani alikuwa na mafundo kwapani, nyuma ya masikio na kati ya miguu ya nyuma, magumu kama sponji iliyokauka, yakiivuta ngozi kila alipopiga hatua.

Kinyozi aliyetupokea ni kijana wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwenye Kiswahili cha West Nile kisicho na haraka. Aliyapapasa yale mafundo, akasema, "Mama, hapa sitachana. Nikichana atalia, na kesho hatanikubali tena. Ninyoe, ziote upya, halafu nikufundishe." Nilikuwa nimemwonyesha picha ya mbwa mwenye nywele ndefu zilizonyooka hadi chini. Aliirudisha simu yangu kwa adabu, akanionyesha kwamba nywele za Simsim ni za mawimbi, si za kunyooka, kwa kuwa katika uzao mmoja wa machotara hawa ndugu wawili wanaweza kutofautiana, huyu akamfuata Poodle kwa kujikunja na yule akamfuata Maltese kwa hariri. Alimnyoa akabakisha kama sentimita moja, akakataa kumaliza hadi ngozini, kwa hoja kwamba ngozi nyeupe chini ya jua letu huungua. Simsim alitoka akiwa nusu ya mbwa niliyemwingiza. Nililia kidogo, na sioni aibu kuandika hivyo.

Somo alilonipa siku hiyo limenisaidia kuliko unyoaji wenyewe. Brashi ya sindano laini hupita kwanza, tabaka kwa tabaka, ukiigawa nywele hadi uone ngozi, kisha kitana cha chuma hufuata kuthibitisha kwamba hakuna kilichobaki. Kitana kikikwama, kazi haijaisha. Kuchana huja kabla ya maji, wala si baada yake. Nafanya hivyo kila jioni kwa dakika kumi na tano hivi, wakati wa taarifa ya habari, na siku nikiruka mbili mfululizo kwapa hunikumbusha. Brashi niliinunua hapo hapo kwa shilingi 35,000, bei ambayo naiona ni ya juu, lakini ile ya bei rahisi niliyoikuta sokoni ilikuwa na ncha zinazokwaruza.

Jambo linalonifanya nirudi, hata hivyo, si mkato. Ni ule ukaguzi wanaoufanya kabla ya kufungua maji. Mbwa huwekwa juu ya mizani, uzito huandikwa katika daftari pamoja na tarehe (mimi humo naitwa Mama Simsim, jina ambalo mume wangu amelipokea kwa kicheko), kisha kinyozi hupitisha vidole mwili mzima: katikati ya vidole vya miguu, ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye fizi. Kwa mbwa mwenye manyoya mafupi kazi hiyo ingeweza kuonekana ya ziada, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kwa macho. Kwa Maltipoo hakuna kinachoonekana. Nywele zake huficha kupe, huficha vidonda, na huficha hata kukonda.

Nilithibitisha hilo mwezi wa tano, wakati wa mvua kubwa. Nilimpeleka Simsim kwa miadi ya kawaida, nikiwa nimeona tu kwamba amekuwa mvivu wa kula, jambo nililolihusisha na baridi. Mizani ilisoma kilo 3.8. Mwezi uliotangulia ilikuwa imesoma 4.3, na nusu kilo kwa mbwa wa kiasi hicho ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, lakini kwa kuwa nywele zilikuwa zimerefuka, kwa macho yangu alionekana amenenepa. Kinyozi aliinua mdomo wa Simsim, akaniita nitazame fizi zilizokuwa zimepauka, akatoa kupe wawili kati ya vidole vya mguu wa mbele, kisha akazima mashine. "Leo hanyolewi, mama. Mpeleke akapimwe damu." Alipoteza shilingi 80,000 za siku hiyo kwa sentensi hiyo, na hakuniuzia chochote badala yake.

Nilimpeleka kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere. Damu ilionyesha Ehrlichia, vijidudu vinavyoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, na chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimepungua. Tuliandikiwa doksisaiklini kwa wiki nne, na daktari alisisitiza dawa ifike mwisho hata mbwa akionekana amepona wiki ya kwanza, kama kweli alivyoonekana. Alinieleza pia jambo ambalo wenye mbwa wa ndani wengi hatulitegemei: kupe huyu haishi majanini peke yake, bali anaweza kumaliza mzunguko wake wote ndani ya nyumba, akitaga katika nyufa za ukuta na nyuma ya mbao za sakafuni. Mbwa asiyetoka nje ya geti kwa hiyo hajasalimika, hasa ikiwa mbwa wa mlinzi analala upande wa pili wa ukuta huo huo.

Hapa yafaa nitoe angalizo ambalo duka lenyewe limelibandika ukutani kwa Kiganda na Kiingereza, na ambalo ningependa walibandike kwa Kiswahili pia. Katika nchi ya wafugaji kama yetu, dawa ya kuogeshea ng'ombe hupatikana karibu kila duka la pembejeo, na jirani mwema atakushauri uitumie kwa mbwa kwa kukisia kipimo. Nyingi za dawa hizo zina amitrazi, ambayo ikizidi humlegeza mbwa, humfanya atokwe na udenda na hupunguza mapigo ya moyo, na kwa mbwa wa kilo nne kuzidisha ni suala la kifuniko kimoja cha chupa. Simsim sasa hupewa tembe ya kutafuna dhidi ya kupe na viroboto, inayotolewa kwa uzito uliopimwa siku hiyo hiyo. Duka huiuza ghali kidogo kuliko kliniki, nami huinunua kliniki. Hawajawahi kuninunia kwa hilo.

Ugunduzi wa pili ulikuwa mdogo lakini wa kuchukiza zaidi. Mwezi wa tisa kinyozi alikuta ubavuni uvimbe kama jipu lenye tundu katikati, na ndani ya tundu kitu kilichokuwa kikipumua. Alikuwa buu wa nzi wa maembe, yule yule anayetulazimisha kupiga pasi nguo zilizoanikwa nje, ambaye hutaga pia kwenye mchanga wenye kivuli na harufu ya mkojo, mahali hasa anapopenda kulala Simsim mchana. Tundu lilipakwa mafuta mazito ili buu akose hewa, akasubiriwa ajitokeze, akaminywa akatoka mzima, kisha kidonda kikasafishwa kwa dawa. Kazi yote ilichukua nusu saa, na sikutozwa. Tangu hapo mto wa Simsim hupigwa pasi kama shuka za nyumba.

Kuhusu chakula na meno, duka linatoa ushauri mwingi kuliko ninavyotarajia kwa kinyozi, na mwingi wake ni sahihi. Simsim hula chakula cha punje kilichopimwa, na mara mbili kwa wiki huchanganyiwa mukene, yaani dagaa wa ziwani, uliochemshwa bila chumvi pamoja na posho (ugali) kidogo, mlo ambao ameupokea kama Mganda halisi. Mtoto wa mbwa wa kimo hiki lazima ale mara tatu au nne kwa siku, kwa sababu akiba yake ya sukari ni ndogo na akikaa na njaa anaweza kutetemeka na kuzimia. Mimi niliambiwa hilo na kinyozi, wala si na muuzaji. Marufuku iliyonishangaza ni ya rolex. Nilikuwa na mazoea ya kumpa Simsim kipande cha ile chapati ya mayai ya kando ya barabara kila Jumapili, nikisahau kwamba ndani yake mna vitunguu, na vitunguu huziharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, vibichi na vilivyopikwa. Zabibu kavu na chokoleti nazo zimeondolewa katika kufikika kwake.

Meno ni udhaifu wa mbwa wadogo wote, kwa kuwa meno 42 ya mbwa mkubwa yanalazimika kusongamana katika taya fupi kama kidole changu cha shahada. Simsim akiwa na miezi saba bado alikuwa na meno ya utoto ya chonge yaliyokataa kung'oka, yakiwa sambamba na ya utu uzima, chakula kikijazana katikati. Kinyozi aliyaona, daktari akayang'oa siku ile ile ya kumhasi, ili kuepuka usingizi wa dawa mara mbili. Nampigisha mswaki kwa dawa ya meno ya mbwa, kamwe si ya kwetu, kwa kuwa mbwa hajui kutema.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kucha. Kucha za Simsim ni nyeusi, mshipa hauonekani, na katika ziara ya nne msaidizi mpya alikata mbili hadi damu ikatoka. Waliifunga damu kwa unga wa kuizuia, waliomba radhi, hawakunitoza sehemu hiyo, lakini kwa miezi mitatu Simsim alivuta mguu kila alipoona mkasi. La pili ni umeme. Ukikatika, jenereta lao huendesha taa na mashine ya kunyolea tu, wala si ya kukaushia, na mara mbili nimerudishiwa mbwa mwenye unyevu kwapani baada ya kuelezwa kwamba atakauka njiani. Mbwa wa nywele hizi hakauki njiani. Unyevu ule ndio mwanzo wa fundo na wa harufu. Nilitegemea wanipigie simu kuahirisha.

La tatu linahusu masikio, na hapa pengine tunatofautiana tu kwa maoni. Maltipoo huota nywele ndani ya tundu la sikio, na desturi ya duka ni kuzing'oa zote kila ziara. Daktari wangu anaona sikio lisilo na ugonjwa liachwe, kwa sababu kung'oa kwenyewe huacha uwekundu unaokaribisha maambukizi. Nimelazimika kulirudia ombi langu kila mara, ingawa daftari lipo na kalamu ipo. Manukato wanayompulizia mwishoni nayo ningeyafuta kabisa: hunukia kama saluni ya mlango wa pili, na Simsim hujisugua kwenye zulia jioni nzima akijaribu kuyaondoa.

Jumamosi sipendekezi. Mbwa wakubwa wa ulinzi huletwa kuogeshwa siku hiyo, chumba cha kusubiria ni kimoja, na German Shepherd mmoja mwenye wasiwasi anatosha kumfanya mbwa wa kilo nne atetemeke tangu mlangoni. Asubuhi za katikati ya wiki ni tulivu, na kazi hufanywa kwa saa mbili badala ya nne. Usafiri pia uhesabiwe katika gharama: makondakta wengi wa teksi humkataa mbwa hata akiwa ndani ya kikapu, na sina haki ya kuwalaumu, kwa kuwa abiria wa pembeni anaweza kuwa kama jirani yangu Hajati, ambaye tunaheshimiana sana lakini mate ya mbwa kwenye vazi lake yangemlazimu kufua kabla ya swala. Natumia boda, kikapu kikiwa katikati yangu na dereva, na nalipa elfu tano kwenda na elfu tano kurudi.

Kwa upande wa chanjo duka ni kali, na ninalisifu kwa hilo. Hawapokei mbwa asiye na kadi yenye lebo za chupa za chanjo na sahihi ya daktari wa mifugo, kwa parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua mbwa, na wenzake, na kwa kichaa cha mbwa. Kadi niliyopewa na muuzaji ilikuwa na mihuri bila lebo hata moja, wakanirudisha mlangoni nikiwa nimekasirika. Daktari aliianza chanjo upya. Kichaa cha mbwa bado kipo Uganda na bado kinaua watu, na mbwa wa sebuleni anayelala na watoto hana msamaha kwa sababu ya udogo wake. Simsim hurudia sindano hiyo kila mwaka. Walinishauri pia niache mkanda wa shingoni wakati wa matembezi na nitumie wa kifuani, kwa sababu bomba la hewa la mbwa hawa ni laini na mvuto wa kamba hulibana likaleta kikohozi cha kukwaruza, na walinionyesha jinsi ya kutambua mfupa wa pia ya goti unaoteleza: mbwa huruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, kisha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Simsim bado hajaruka hivyo, nami humtazama kila anaposhuka kwenye kiti.

Nikijumlisha, natumia kama shilingi laki moja kwa mwezi kwa kinyozi na boda, kabla ya chakula na daktari. Mwenye mbwa wa manyoya mafupi hana sababu ya kutoa fedha hiyo. Beseni, maji ya vuguvugu na taulo vinamtosha. Mwenye Maltipoo asiye na dakika kumi na tano za kitana kila jioni naye asitegemee duka limwokoe, kwani mwezi mmoja kati ya ziara na ziara ni muda mrefu kwa fundo. Ukiwa na hizo dakika, vidole vya kijana wa Arua vinastahili nauli.

Miadi yetu ijayo ni Jumanne saa nne asubuhi. Nimeomba ukaguzi, mkato wa sentimita mbili na masikio yasiguswe, na nimeandika kwa WhatsApp kwamba kucha zisubiri mpaka nifike na kumshika mimi mwenyewe. Wamejibu kwa kidole gumba, na kwa kuniuliza kama umeme wa kwetu upo.